Kiapo cha Komba na Barua Niliyoificha

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Sikuagwa kwa keki wala saa ya ukutani, kwa sababu kazi yenyewe haina ofisi. Nilizima maiki, nikakunja waya, nikamkabidhi mwenye ukumbi funguo. Daktari wa koo alikuwa ameshanionya mara mbili. Mara ya tatu alinionya mke wangu, na yeye hana kawaida ya kurudia. Kwa hiyo naandika haya nikiwa kibarazani kwangu Yombo, nikinywa maji ya uvuguvugu kama nilivyoamriwa, kwa ajili yenu vijana mnaotafsiri filamu siku hizi kwa kompyuta. Mmeniomba mara nyingi niwaeleze tulivyoanza. Nitawaeleza, ila mjue kwamba kuna jambo moja hasa nililotaka kulitua, na mengine yote yamekuja nalo.

Nilianzia Tandika, kwenye kibanda umiza cha Kondo. Mnaolijua jina hilo kwa kusikia tu, kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja, deki mbili za mikanda na watu wengi kuliko hewa. Aliyekaa mbele alipinda shingo, wa nyuma alisimama saa mbili, na wote walirudi kesho yake. Kondo mwenyewe alikuwa Mzaramo wa Mtoni, mnene, mwenye sauti aliyoipata sokoni akinadi mitumba. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, maiki imefungwa leso ili isishike mate, akitafsiri filamu za Kizungu hapo hapo, bila karatasi, huku zikienda.

Mimi nilikuwa mteja tu. Siku moja Kondo alivimba jino, shavu likawa la kupakata, na ukumbi umeshajaa. Alijua kwamba nimewahi kuwa mhudumu wa hoteli na Kiingereza nakisikia, basi akanishika bega akanikalisha kwenye kigoda. Filamu ilikuwa ya joka na wafalme. Nilitafsiri kila neno, kwa uaminifu mkubwa, hata salamu zao. Haikupita robo saa mtu wa nyuma akasema, "Jamani, zimeni hiyo redio." Sijapata kuona aibu kama ile, na nilishawahi kumwaga supu kwenye mapaja ya balozi.

Baada ya filamu Kondo alinifundisha, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo. "Wewe unawaambia wanachosema. Hawajaja kwa hicho. Waambie huyu ni nani yake yule. Na kama hujakisikia alichosema, sema alichofanya. Ila usikae kimya, wakisikia kimya wanakumbuka joto." Nimefanya kazi hii miaka yangu yote kwa maneno hayo. Yamenisaidia sana, na ndiyo yaliyoniponza.

Watazamaji wetu walikuwa wakali kuliko wahakiki wowote wa magazetini. Filamu ikiisha hawakwenda nyumbani. Walihamia benchi la muuza kahawa hapo nje na kuanza kuikata vipande. Yule mfalme wa filamu ya joka walimkataa kabisa, kwa sababu alipewa ufalme bila baba zake wadogo kuulizwa. Jamaa zangu wa kusini walitaka kujua mchawi mwenye ndevu alifundishwa na nani, maana uchawi hauokotwi njiani. Kulikuwa na mama muuza mihogo aliyepima filamu zote kwa kipimo kimoja, kama steringi, yule shujaa mkuu, anamsalimia mama yake. Na mashujaa wale wenye nguvu za ajabu waliwahurumia zaidi ya kuwaogopa. Mtu anainua gari kwa mkono mmoja, akirudi nyumbani hana hata wa kumwekea chakula.

Kisha akaja Komba. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Tulimwita Komba kwa sababu ya kinyago chake cha macho makubwa na kuona kwake gizani. Alikuwa ametokana na vitabu vya katuni huko kwao, lakini Tandika hatukuwahi kuviona. Kwetu Komba alikuwa ni ule mkanda, na mkanda ulikuwa ni mimi, kwa kuwa Kondo alikuwa ameanza kuniachia filamu za mchana.

Tatizo la mikanda nyinyi hamlijui, na mshukuru. Deki ikichafuka kichwa hula mkanda. Unasikia mkwaruzo, picha inajikunja, ukifungua unakuta utepe umesokotana ndani. Dawa ilikuwa moja: unakata sehemu iliyosagika, unaunganisha kwa selotepu, unasafisha kichwa kwa spiriti na kitambaa cha shati, unaendelea. Mkanda wa Komba ulikuwa umeliwa kabla haujanifikia. Kondo aliukata mwenyewe na akasahau kuniambia.

Basi nikawa naenda vizuri. Komba yuko na mzee aliyemlea, wanazungumza jikoni. Ghafla picha ikaruka. Mzee hayupo. Komba yuko barabarani, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa cheupe hadi kiwikoni, na anapigana kwa mkono wa kushoto tu. Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia. "Mzee yuko wapi? Mkono una nini?" Nilikuwa na muda wa kumeza mate mara moja.

Nikasema mzee amefariki. Nikasema kabla ya kukata roho alimwita Komba, akaushika mkono wake wa kulia na kuufunga kipande cha sanda yake mwenyewe, akamwambia: "Mwanangu, huu ndio mkono unaomega nao tonge na watu wako. Usiunyanyue kumpiga mtu." Na Komba akala kiapo. Sijui yalitoka wapi. Labda ni kwa sababu baba yangu, aliyekuwa mchonga vinyago, alikuwa mwepesi wa mkono, na mara nyingi nilitamani kuwe na mtu wa kumfunga ule mkono. Watu walinyamaza. Yule mama muuza mihogo alilia waziwazi. Kila Komba alipopiga ngumi ya kushoto, ukumbi ulinung'unika kwa kuridhika, na mimi nilijiona fundi.

Miongoni mwa waliokuwepo alikuwa Sudi, fundi wa kuchomelea mageti, jirani ya kibanda. Kijana wa wakati huo, mabega mapana, na mtaa mzima ulijua kwamba nyumbani kwake hakukaliki. Mkewe, Mwajuma, alionekana na jicho jeusi mara nyingi, na mtoto wao mkubwa alijikunja baba yake akipita. Siku ile Sudi hakwenda kwenye benchi la kahawa. Alibaki amekaa ukumbini, akiangalia mkono wake. Niliona, sikulipa uzito.

Baada ya kama mwaka, mtu alituletea diski ya filamu ile ile, nzima. Niliitazama peke yangu asubuhi moja kabla ya kufungua. Yule mzee hakufa. Alichukua begi akapanda treni kwenda kumtembelea dada yake. Komba naye alishika bomba la moto akaungua, akafunga bendeji. Basi. Nilikuwa nimemzika mtu aliyesafiri.

Nilimwambia Kondo. Alicheka hadi akakaa chini. "Mie nimekata utepe kidogo tu," alisema. "Hayo mengine ni yako." Diski ile tukaiweka kando. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Filamu ya pili ya Komba ilipokuja, ukumbi ulijaa hadi watu wakachungulia kwa matundu ya mabati. Dakika ya tano mzee akaingia mlangoni, mzima, ameshika kofia. Mayowe. Nikasema kwa haraka kwamba huyo ni pacha wake marehemu, amefika kuhani msiba. Wakatulia, baadhi wakampa pole. Nikaanza kupumua. Halafu, katikati ya filamu, Komba akamtandika adui ngumi ya mkono wa kulia, kavu, usoni, mara tatu.

Hilo sikuwa na pacha wake. Nilikaa kimya, na kweli wakakumbuka joto. Mabenchi yakaanguka. "Kavunja kiapo!" Sudi alisimama, akatazama ile televisheni kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akatoka nje filamu ikiwa nusu.

Siku iliyofuata, alasiri, benchi la kahawa lilikuwa bunge. Hakuna aliyenilaumu. Lawama zote zilivuka bahari. Walisema waliotengeneza filamu ya pili hawakuielewa ya kwanza. Walisema wameajiri watu wasiokijua kitabu. Mzee mmoja mstaafu wa bandari alisema ndivyo ilivyo siku zote, mtu akishapata jina anaacha kuheshimu stori iliyomlea. Leo nikisoma ugomvi wa mashabiki kwenye simu, kila mmoja akidai filamu imesaliti asili yake, huwa nacheka peke yangu. Sisi tulitetea asili ambayo haikuwepo, na tuliitetea kwa moyo wote.

Wakaamua kuandika barua kwa watengenezaji, Komba arudishwe kwenye kiapo chake. Mwandishi nikachaguliwa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye Kiingereza. Niliandika. Walisaini wote, wengine kwa kidole gumba. Kisha Sudi akaleta karatasi yake mwenyewe, ya Kiswahili, ameikunja mara nne. "Hii utaitafsiri ukifika nyumbani," alisema. "Usiisome hapa."

Niliisoma nyumbani. Ilisema hivi: "Ndugu mtengenezaji, mie ni fundi mageti. Kabla ya filamu yako ya kwanza nilikuwa nampiga mke wangu na mwanangu. Tangu siku ile sijampiga mtu, ni mwaka na miezi minne. Nakushukuru kwa yale maneno ya mzee. Nakuomba usimfanye Komba anyanyue tena ule mkono, maana mie wangu bado unawasha. Naomba unijibu."

Sikuituma. Anwani sikuwa nayo, lakini si kwa sababu hiyo. Ningemwandikia nani kumshukuru kwa maneno yangu? Nikaziweka barua zote mbili kwenye boksi la mikanda mibovu, nikawaambia nimeshapeleka posta. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya Mwajuma, kwamba Sudi akijua ule wosia ni wa uongo mkono utarudi. Nusu ya hilo ilikuwa kweli. Nusu nyingine nilikuwa naogopa tu.

Mikanda ilikwisha, zikaja diski, zikaisha nazo, zikaja flashi. Kondo alihamia Kisarawe kwenye mananasi yake. Nilifanya kazi Mbagala, nikafanya Ukonga, nikarudi Tandika. Filamu nyingi nilizotafsiri nimezisahau. Boksi lile nilihama nalo kila nyumba, na mke wangu hakuacha kuuliza kwa nini natunza takataka.

Mwaka huu wametengeneza upya ile filamu ya kwanza ya Komba, na sura mpya. Kabla haijaonyeshwa ukumbini kwetu, Jumamosi moja mchana, alinijia binti amevaa sare ya chuo cha uuguzi. Nilimjua mara moja kwa mabega. Alikuwa Zuhura, mtoto wa mwisho wa Sudi. Wakati wa kile kiapo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ba'mdogo, nina ishu na wewe, na unijibu kweli." Akatoa simu. "Sie tuna grupu la mashabiki wa Komba, watu wa nchi nyingi. Mie nimeandika kwamba hii filamu mpya hata ikiwa na picha nzuri vipi, kama haina wosia wa mzee ni bure. Wamenicheka siku mbili. Wanasema hakuna wosia. Nimesoma vitabu vya katuni vyote nilivyovipata, mwanzo mwisho. Sijauona. Na baba ametusimuliaga tangu tuko wadogo, kila tukigombana. Uko kwenye mkanda upi?"

Ningeweza kumtafutia pacha mwingine. Nilikuwa na uzoefu. Lakini nilimtazama akisubiri na kidole juu ya kioo cha simu, nikachoka ghafla.

"Haupo," nikasema. "Niliutunga mimi."

Alishusha simu. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo nimebishana na dunia nzima kwa ajili ya maneno yako."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Jumamosi ijayo namleta hapa. Amekubali kuja, tangu ile ya pili hajawahi kukanyaga. Na hii ina maandishi ya Kiswahili chini, atasoma mwenyewe." Akaiweka simu mfukoni. "Umwambie wewe, ba'mdogo. Mie siwezi."

Barua sikumwonyesha. Yaliyomo yalikuwa ya baba yake, na niliona kwamba binti hakuwahi kuyajua.

Nilikwenda kwa Sudi Jumatatu asubuhi, barua zote mbili zikiwa mfukoni mwa shati. Siku zote mbili kabla yake sikula vizuri. Karakana yake iko mbele ya nyumba yake. Alikuwa anachomelea geti. Aliponiona akasukuma miwani juu ya kipaji. Ana mvi sasa, na mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka hatua chache kutoka kwenye cheche, hana wasiwasi na kitu. Mwajuma alinitolea kiti, akabaki amesimama mlangoni.

Nilimweleza yote, kuanzia ule utepe uliokatwa. Sikujipunguzia. Nilimfikisha hadi kwenye treni na kwa dada yake yule mzee. Nikampa zile barua mbili.

Sudi alifungua ile iliyokunjwa mara nne. Aliisoma polepole. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia.

"Kwa hiyo yule mzee hakusema," alisema.

"Hakusema."

"Yale maneno ni yako wewe. Uliyasema tu ili tusipige kelele."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, akakaa juu ya chuma. "Na barua hukutuma." Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Braza, mie nilikuwa napita posta kila Ijumaa. Miaka miwili. Yule karani alishanijua kwa jina. Nilijua yule Mzungu kaona mie mtu mbaya, ndio maana hajibu."

Katika yote niliyoyaogopa, hilo sikuwahi kulifikiria. Nilisema samahani, nikarudia, na machozi yakanitoka mbele za watu nikiwa na umri huu.

Mwajuma ndiye aliyeongea. "Mie hizo filamu sijaona hata moja," alisema. "Mie nimeona mkono tu. Aliyesema awe Mzungu, awe huyu hapa, mie naona sawa." Akaingia ndani kuleta chai.

Sudi aliikunja tena barua yake mara nne. Kisha akanirudishia. "Basi ijibu," alisema.

Nilirudi Yombo kwa miguu, njia nzima, na siwezi kuwaeleza wepesi niliousikia. Nililala mchana kutwa. Mke wangu alidhani naumwa.

Jumamosi Sudi alikuja na Zuhura, wakakaa benchi la pili. Filamu ilienda na maandishi yake. Mimi sikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuwatambulisha watu wanaofanana. Mzee alipochukua begi, Sudi alimwambia jirani yake kwa sauti ya ukumbi mzima, "Msihangaike, huyo anakwenda kwa dada yake." Komba alipoungua, Zuhura aligeuka kunitazama, akacheka hadi akaziba mdomo. Nje kwenye kahawa walimuuliza Sudi anaionaje. Alifikiri, akasema, "Nzuri. Ila ile ya kwanza ilikuwa na maneno." Siku hiyo nikazima maiki. Sikuhitaji daktari tena kunishawishi.

Jibu niliandika wiki hiyo hiyo, kwa Kiswahili, kwa mkono. Vijana, mkikosea kwenye maiki, na mtakosea, msikae na barua ya mtu. Hili ndilo pekee nililonalo la kuwafundisha ambalo kompyuta yenu haina. Niliandika hivi:

"Ndugu Sudi, barua yako imefika. Nakuomba radhi kwa kuchelewa, kosa ni la mpokeaji. Hukuwa mtu mbaya kwangu hata siku moja. Ombi lako limekubaliwa: Komba hataunyanyua tena ule mkono, nimehakikisha mwenyewe. Uliandika kwamba wako bado unawasha. Naomba unijulishe kama unawasha hata leo au uliacha."

Nilimpelekea mwenyewe, posta nilishaivunjia heshima. Alikuwa kazini, akaipokea kwa mkono wa kulia, akaisoma amesimama. Akaomba kalamu. Akaigeuza karatasi, akaegemeza juu ya geti, akaandika neno moja, akanirudishia.

"Uliacha."